Darasa la Nyuma ya Ghala

Miaka kumi na moja nilibeba magunia Tandahimba,
korosho ghafi, kilo themanini kwa safari,
mgongo ukalijua juti kabla ya vidole.
Makuli wenzangu waliniita Winchi.
Kisha kiuno kikasema basi.
Nikabaki na nguvu za kushika sindano.

Mnada wa mwisho ukipita, ghala hutema makombo:
magunia yaliyong'atwa na panya,
yaliyotobolewa na bambo la mpima ubora,
viroba vya saruji vilivyokauka kama magamba,
na mifuko ya salfa, ya njano, isiyoisha harufu.
Zamani tulivichoma vyote pamoja.
Moshi wake tuliunywa kwenye uji.

Mwalimu Somoe alifika na cherehani ya miguu
imelazwa juu ya guta kama mgonjwa.
Tukadhani ataanza na mkasi.
Akaanza na mfuko wa salfa.
Aliuinua kwa kijiti, mbali na kanga yake:
"Huu hatuushoni.
Huu hatutii unga. Hatukalii. Hatufunikii maji."
Binti Mchopa akainamisha uso.
Sote tulimkumbuka mjukuu wake,
mwaka ule wa unga wa muhogo,
na hakuna aliyekohoa.
Mwalimu hakuuliza. Aliandika tu ubaoni:
SOMA MFUKO KWANZA.
Wa kwanza kunakili alikuwa Binti Mchopa,
ambaye hajapata kushika kalamu,
herufi zake zikiegemeana
kama walevi watatu njia moja.

Juti tuliliroweka siku mbili,
tukalifua kwa majivu, tukalianika uani,
tukalichemsha na magome ya mkorosho
hadi likawa rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Hapo ndipo nilipojua: mti uleule
ulionivunja kiuno una rangi ndani yake,
na hakuna mnunuzi aliyewahi kuipigia bei.

Tukishona tuliimba alichotufundisha, kwa mpigo wa pedali:

Gunia lina mshono,
mshono una mkono,
mkono una maneno,
mwenye macho na asome.

Mimi sikuimba vizuri. Uzi ulinikatikia.
Vijana walipita dirishani wakiita,
"Winchi! Leo unanyanyua sindano?"
Nikawaambia waingie, kuna kivuli na kazi.
Mmoja aliingia. Wengine wanaendelea kupita.

Sasa sikia la Nuriati, mdogo kuliko wote,
aliyefeli kidato cha pili akafichwa nyumbani.
Alimtazama Binti Mchopa wiki nzima,
zile chale za mashavuni, pembe juu ya pembe,
ambazo wasichana walizicheka kisimani.
Akachukua chaki, akakaribia:
"Bibi, naomba uso wako,
niuweke kwenye pochi."
Kimya. Hata cherehani ilisimama.
"Uso wote," bibi akauliza, "au nusu bei?"
Tulicheka mpaka mlinzi wa ghala akaja.
Pochi zile za pembe ziliisha zote
gulioni Newala, kabla ya adhuhuri.
Fungu la Binti Mchopa alilihesabu mwenyewe,
mara mbili, kwa sauti.

Jana nilifumua gunia la kushonea koti.
Kwenye pindo nikakuta fundo la katani,
limekazwa kwa mkono wa kushoto,
likazungushwa mara tatu, likafichwa mkia.
Mimi ndiye mwenye mkono wa kushoto
katika ghala lile.
Sijui ni msimu upi. Sijui lilikwenda wapi likarudi.
Nilikaa nalo magotini
kama mtu aliyepewa barua yake mwenyewe.

Fundo nimelishonea begani,
pale pale gunia lilipokuwa likikaa.
Mwalimu alilizungusha koti kwenye mwanga.
"Mfuko mmoja umepanda," akasema. "Fumua."
Nimefumua mfuko.
Fundo nimeliacha.