Mgeni wa Siku Mbili

Usiku, Upper Hill taa zikiwaka bure,
mtu fulani ng'ambo alibonyeza kitufe
akaondoa fedha zake kwetu bila kuinuka kitini.

Asubuhi, Barabara ya Kirinyaga, Nyakerario
anafuta bei ya beringi kwa kidole na mate,
anaandika nyingine. Anaifuta hiyo pia.

"Dola imefanya nini tena?" fundi anauliza.
"Imeondoka."
"Kwani ilikuja lini?"

Chaki inasita.
Tuliambiwa tufungue milango yote,
mgeni aje, wenyeji tupone.
Alikuja. Akala riba, akasifu hali ya hewa.
Siku ya tatu, tulipogeuka kuchukua jembe,
kiti kilikuwa kitupu, bado kina joto.

Mkopo wa Nyakerario ndio uliobaki,
nao unahesabiwa kwa dola.