Tiketi ya Kwenda na Kurudi

Treni iliondoka Arusha vioo vikiwa na umande.
Kiongozi wetu, Ndelilio, alitugawia ndizi za kuchoma
na saa za kila kituo; hakuna iliyotimia.

Moshi tukapanda gari, kisha tukapanda kwa miguu,
migomba ikifunga njia nyuma yetu.
Mlima wenyewe ulibaki umejifunika.

Kanisani akataja mapadri, mwaka, kengele iliyovuka bahari.
Mama Aikande hakuwa akisikiliza.
Alikuwa akipapasa ukuta, jiwe kwa jiwe,
kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Mojawapo hapa," akasema, "kutoka mtoni,
lilimwachia bibi yangu kipara utosini."

Ndelilio akafunga daftari.

Jioni, treni ikirudi,
kila mmoja wetu alikuwa na ukoga wa ukuta
kwenye kucha.