Kinai

Hakimu aliuliza kwa nini aliihama nyumba.
Swali fupi. Nililigeuza bila kulitazama,
kama mtu aliyezoea kugeuza chapati.
Mwanakheri akavuta mtandio, akajibu kwa neno moja:
"Alinikinai."

Nilikuwa na sekunde tatu, labda nne.
Mkalimani halipwi kwa kunyamaza.
Nikapapasa mfukoni mwa lugha yao,
nikatoa lile neno lao dogo la chuki,
silabi moja, jino moja,
nikaliweka mezani.
Kalamu ya karani ikaliokota.
Stambuli, upande wa pili, akainua kichwa
kwa mara ya kwanza tangu asubuhi,
kama mtu aliyesingiziwa kuiba kitu
ambacho hana hata nguvu za kukibeba.

Nje, Glasgow ilikuwa inanyesha ile mvua yake
isiyojijua kama ni mvua au theluji.
Nikapanda treni ya Paisley, kosa langu mapajani.

Kinai.
Waarabu walilileta na herufi ya kooni mwishoni mwake;
herufi tukaimeza, neno tukabaki nalo.
Kwao ni kuridhika: mtu na kipande chake cha mkate,
cha jirani hakitazami.
Nasi hivyo hivyo tulilipokea, na tungali nalo:
mkinaifu husifiwa,
na chuoni tulikaririshwa kwamba ukinaifu
ni hazina isiyokwisha,
huku sote tukiwaza uji.

Lakini nadhani siku moja, sijui jikoni mwa nani,
mtu alikaa kwenye sinia na neno hilo,
akala, akatosheka, akaongezwa,
akala kwa heshima ya mwenyeji, akaongezwa tena,
hata tui likamjia puani.
Akaisukuma sahani. Akasema neno lile lile
na halikuwa lile lile.

Shibe mwana malevya, walishaonya wahenga.
Hawakusema ulevi ukiisha kunabaki nini.

Chuki najua inakotoka: inatoka nje, ina jina la mtu.
Karaha hukunja uso. Kinyaa hushika pua.
Hili halina uso wala pua.
Huota ndani ya kilichopendwa,
kama ukungu katika mkate uliofunikwa vizuri.

Alhamisi nilimkuta kwenye ukumbi wa mahakama,
kikombe cha karatasi mkononi, chai ya mashine, sukari nne.
Nikamwambia nimekosea.
"Uliwaambia ananichukia?"
Ndiyo.
Alicheka hadi chai ikamwagikia kiatu.

"Tulipofika Govan hatukuwa hata na kitanda.
Nikapata kopo la tui duka la Mpakistani,
nikapika samaki kwenye sufuria ya kuazima.
Alilia. Akasema, nipikie hivi kila siku.
Nami, mjinga, nikampikia kila siku.
Miaka kumi na mmoja.

Angenichukia, mwanangu, ningekuwa kwangu mpaka leo.
Mwenye chuki hukutazama.
Anajua umevaa nini, umerudi saa ngapi.
Huyu alikuwa akiniuliza chumvi iko wapi
kwa sauti ile ile anayomwulizia mtu kituoni
kama basi limeshapita."

Akaitwa. Akaacha kikombe juu ya rejeta,
nusu kimejaa.

Kuna fomu ya kusahihisha kumbukumbu za shauri.
Nafasi ya maelezo ni ndogo kama stempu.
Nikaandika, kwa lugha yao, herufi zikibanana:
*mume hakumchukia mkewe, alishiba.*

Jumatatu ikarudi na bahasha ya kahawia.
Karani alikuwa amepiga mstari chini ya neno la mwisho
na pembeni, kwa penseli,
kialama cha kuuliza.