Mbeyu na Mkate wa Nafaka Saba

Umeandikwa Nafaka Saba
kwa herufi za rangi ya asali,
na chini yake suke la ngano limeinama
kama lililoelemewa na wema wake.
Nimeuleta nyumbani Muyeye kwa nusu bei.
Tarehe yake inakufa kesho,
na sisi tunaopanga rafu
huachiwa vinavyokaribia kufa.

Nesi Kwekwe alisema: mkate mweupe, basi.
Sukari yako imefika kumi na nne, mama,
tafuta ule wa rangi ya udongo.
Huu hapa, wa rangi ya udongo,
umebanwa shingo, unatoka jasho ndani ya nailoni.

"Nisomee," mama akasema,
akapangusa mikono kwenye leso.
Nikaugeuza ubavu, maandishi madogo kama mayai ya chawa:
unga wa ngano, maji, sukari, hamira,
mafuta ya mawese, chumvi,
rangi ya karameli,
kisha, baada ya koma nyingi,
mchanganyiko wa nafaka, asilimia nne.

"Rangi?"
"Rangi."
"Kumbe udongo wenyewe umepakwa."

Nikaendelea. Kwa vipande viwili:
protini gramu saba, wanga thelathini na sita,
nyuzinyuzi tatu, sukari tano.
"Gramu ndiyo nini?"
Kijiko cha chai, nikamwambia,
kikichotwa bila kilima, hubeba gramu nne.
Akakitazama kikombe chake cha chai kavu
anachokinywa kama adhabu tangu Machi.
Hakusema kitu.

Akaenda kuleta uteo.

Akamega ganda la juu, akalifikicha,
mbegu zikadondoka
kwa sauti ya mvua inayojaribu tu.
Mama hajui kusoma, na macho yameanza ukungu,
lakini jina lake ni Mbeyu,
mbegu kwa lugha ya kwao;
alizaliwa watu wakiwa shambani wanapanda,
akaletewa jina kabla ya nguo.
"Ufuta," akasema. "Ufuta. Ufuta. Hii alizeti.
Ufuta tena. Hii imepondwa hata imesahau kwao."
Shayiri, nikasema.
"Na hii inayoteleza kama kiroboto?"
Kitani.
"Nne. Mtama uko wapi? Wimbi? Uwele?
Au wametumwa dukani hawajarudi?"

Nilicheka, kisha nikaona haya,
maana mkate ni wa rafu yangu na mshahara ni wa rafu hiyo.
Nikautetea: nyuzinyuzi zake ni mara mbili ya mweupe,
huu ni afadhali, mama.
"Afadhali," akasema,
"ni neno la mke wa mlevi
anayelewa mwisho wa mwezi tu."

Akala kipande kimoja, kwa maharagwe,
hatukuutupa, chakula hakitupwi.
Baada ya saa mbili akanipa kidole.
Mashine ikafikiri, ikasema kumi na moja.
Wala hatukushangilia, wala hatukulia.

Kesho yake dukani, kabla ya milango kufunguliwa,
niliipanga mikate yote ubavu mbele,
herufi za chawa zikiwatazama wateja,
masuke yakitazama ukuta.
Hadi saa tatu, meneja alipopita,
akaigeuza mmoja mmoja bila kuniuliza,
taratibu, kama mtu anayefunika wagonjwa shuka.

Ule mfuko mama aliuosha,
akauanika kambani kati ya soksi zangu.
Sasa umejaa unga wa uwele
anaousagisha kwa Charo nyuma ya soko,
mzito, wa kijivu, hauna asilimia.
Jirani yetu Nyevu akiingia kuomba kiberiti
huuona juu ya kabati, suke na asali,
akaguna: "Nyinyi wenzetu mnakula vya supamaketi."

Na mama, anayesonga sima,
hamkatalii.