Mstari Mtupu

Mwalimu Strachan alitupa shairi Ijumaa,
Jumatatu tuwe nalo kichwani.
Beti tano za kale, zenye harufu ya chaki:
mtu amesimama kwenye tufani, hana koti,
anaiambia dunia,
nimesimama, na ardhi inajua.

Nililikariri jikoni, nikigonga vina kwa kijiko,
mama akivua mabuti ya mpira yaliyojaa magamba.
Peterhead, Januari. Baridi ya kung'ata masikio,
na harufu ya hadoki ikilala nasi
kama mtoto wa tatu.
"Nani huyo asiye na koti?"
Nikasema, shujaa.
"Atapata kichomi," akasema, akabandika birika.

Nilipata tisa kwa kumi.
Chini yake, wino mwekundu:
Umelimeza. Hujalitafuna.

Wiki ileile mashine ya kukata minofu
ilichukua vidole viwili vya Mina Cordiner.
Kikinga chake hakikuwepo tangu Jumatatu;
kilitundikwa msumarini, jirani na maaproni,
kila mtu alikipita akienda kunywa chai.
Karatasi ya ofisini ilisema vingine:
alikifungua mwenyewe, kwa uzembe wake.
Majina kumi na tisa, mistari kumi na tisa.
Tia sahihi hapa.

Wakatia kumi na wanane.
Wa kumi na nane alikuwa Mina,
kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa kwenye bendeji,
kwa sababu kodi ya nyumba haihesabu vidole.

Usiku ule mama hakulala.
Nilimsikia: ngazi, sakafu, ngazi,
akijisemesha kama mtu anayepekua mifuko.
Huenda sikuona vizuri.
Huenda ilikuwa Jumanne.
Watu kumi na wanane wakosee wote?
Na mimi ni nani, Effie wa meza ya tatu,
niliyeacha shule na miaka kumi na minne?

Alfajiri alitapika kwenye sinki.
Akasukutua, akafunga kitambaa kichwani,
kikombe kikigonga kisahani mkononi mwake,
ki-ki-ki,
akasema, si kwangu, labda kwa dirisha:
"Kilikuwa msumarini. Nilikigusa kwa bega."

Basi.
Hakukuwa na tufani. Hakuna aliyetoa kifua.
Karatasi ilikwenda na mstari mmoja mtupu,
na mama akapunguziwa zamu mpaka zikaisha.
Viazi ndivyo vilivyokuwa kina chetu,
kila siku ikaishia palepale.

Sitasema haki ilishinda. Sijui karatasi iliishia wapi.
Mina alivuka barabara kila alipotuona
hadi Machi, alipobisha hodi na soksi
alizozifuma kwa vidole vinane,
kisigino kimepinda.
Nilitaka kukataa. Mama akanikanyaga chini ya meza.
"Vaa."

Sasa ni mimi ninayegawa karatasi Ijumaa,
darasa lilelile, dirisha lilelile lenye ufa,
na watoto huniuliza maana ya ubeti wa mwisho.
Nawaambia mtunzi amesahau kitu:
magoti.
Anayesimama ana magoti, na magoti hutetemeka,
na ardhi inalijua hilo pia.
Nawaambia kuna siku kujiamini
ni kuliamini bega lako tu,
lililogusa bati likipita,
huku midomo kumi na minane ikisema halikugusa.
Wala msimcheke aliyetia sahihi.
Shairi lile halina beti ya kodi.

Struan, wa dawati la nyuma, akanyoosha mkono:
"Sasa kwenye mtihani tuandike nini?"

Nilicheka mpaka machozi.
Kisha nikaenda kulitazama daftari lake.
Swali la tano: mstari mtupu.
Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu.
Nikaifunika.