Kisanduku cha Ujuzi

Kila Jumatatu, saa mbili kasorobo, nafungua dirisha
la ofisi ya ajira, Lupeni, bonde la makaa,
nabandika kazi za wiki:
wafunga nyaya za magari, arobaini, zamu tatu;
wapokea simu wajuao Kijerumani, kumi na wawili;
mpishi mmoja, hoteli ya mlimani, theluji ikiwapo;
walezi wa wazee, Italia, idadi haikutajwa.
Italia haitaji idadi.
Ni tumbo lile, halijui shibe.

Mnara wa mgodi bado umesimama nyuma ya soko.
Gurudumu lake halizunguki; njiwa wamelipanga.
Wakubwa walikuja kutoka Bukaresti na mchoro:
mstari mwekundu ukiteremka, wa kijani ukipanda.
Wakauita mpito. Tukapiga makofi, tukanywa kahawa yao.
Hapo mistari inapopishana, hapo pembamba,
ndipo tunapokaa sisi.

Akaja Onisim Ciurea, miaka hamsini na miwili,
makaa yameingia chini ya ngozi, vitone vya buluu
ambavyo sabuni ilishavikatia tamaa.
Nikamuuliza: Ujuzi?
Akasema: Kusikiliza.
Kusikiliza nini?
Paa, alisema. Jiwe halianguki bila kuaga.
Kwanza hulia kama mtu atafunaye mkate mkavu,
halafu hunyamaza.
Ukisikia limenyamaza, kimbia.

Nikatafuta kisanduku.
Kulikuwa na Lugha, Kompyuta, Leseni ya Udereva.
Nikaandika kwenye Mengineyo: husikia mawe.
Mfumo ukanirudishia fomu kwa wino mwekundu:
jaza upya.

Tukampeleka kozi ya paneli za jua, wiki sita, chakula bure.
Siku ya tatu alikuwa mbele ya dirisha langu, kofia mkononi.
Miaka ishirini na saba nimeshuka, alisema,
leo mnaniambia nipande.
Mchagua jembe si mkulima, nikamwambia, nami nimechoka.
Akajibu: langu sikulichagua, na mmelizika.

Mwezi wa Novemba likaja tangazo la idara ya maji.
Mtu mmoja. Kazi ya usiku.
Kutembea na fimbo ya chuma, kuisimamisha juu ya lami,
kutega sikio, kutafuta bomba linalovuja.
Nikalisoma mara mbili.
Kanuni inasema libandikwe siku tano, watu wote walione.
Sikulibandika.
Nikalikunja ndani ya mkoba, karibu na vitunguu,
nikapanda ghorofa saba, lifti imekufa tangu mvua,
nikagonga.

Majina tisa yalikuwa mbele yake kwenye orodha.
Nayajua. Mmoja ni binamu yangu, Dorel,
ambaye sasa anachuma stroberi Uhispania
na hutuma picha za mgongo wake ulioungua.
Sijui ningemjibu nini.

Mshahara ni nusu ya ule wa mgodini.
Mkewe, Smaranda, yuko bado Bergamo,
anamwogesha mama wa watu wengine.
Lakini Onisim hupita mtaani kwetu saa saba usiku,
husimama, huinama, sikio kwenye fimbo,
kama daktari wa mji ambao haukumwita.
Kesho yake wanachimba pale alipochora chaki,
na maji yapo.

Nami nimepata barua. Dirisha litafungwa mwezi wa tatu.
Huduma zote zitapatikana kwenye simu,
saa ishirini na nne, bila foleni, bila mimi.
Nikaijaza fomu yangu mwenyewe.
Kwenye Ujuzi nikakaa muda mrefu.

Jana usiku nilimkuta barabarani, mbele ya ofisi.
Nikamwambia: hebu, hapa chini kuna nini?
Akaisimamisha fimbo kizingitini, akafumba macho.
Mbwa akabweka, akaacha.
Kimya, akasema.

Kwa mabomba, kimya ni habari njema.
Sikumuuliza
alikuwa akisikiliza kwa sikio lipi.