Mkwaruzo

Banda la video la Uyole, mwezi wa saba,
baridi inapenya matundu ya mabati,
nasi watatu ndani ya koti moja la baba yake Gwamaka
linalonuka pareto na moshi.
Kiingilio shilingi hamsini, au viazi vitatu vikubwa.

Anyelwisye ndiye mtafsiri.
Kiingereza hakijui, na tunajua hakijui.
Anakamata kipaza sauti kama jogoo, shingoni,
anatangaza: mwenye joho ndiye stelingi,
na stelingi hafi.
Yule wa kovu ni adui. Msimhurumie.

Ghorofa likaporomoka, tukapiga makofi.

Ila CD ina mkwaruzo
palepale adui anapovua kofia
afungue kinywa aseme kwa nini.
Picha inaganda, inatetemeka, inaruka,
tunamkuta keshalala chali.

Mara sita Anyelwisye alinyamaza hapo.
Ya saba ilikuwa wiki ile mgambo
walipovunja kibanda cha mama yake stendi,
na Lusajo, kaka yake Gwamaka, alikuwa mbele.
Lusajo aliyenitoa mtoni mwaka wa mvua kubwa,
akanibeba mgongoni hadi kwa bibi, natapika tope.
Rungu lake ndilo lililopasua sufuria.

Picha ilipoganda, Anyelwisye akasema,
si kwa sauti ya adui, kwa sauti yake:
"Mimi nilikuwa ghorofa ya tatu.
Nilikuwa nakaanga maandazi.
Nyie mlikuwa mnamtazama anayeruka."

Jenereta likakohoa.
Sekela, hata jino la mbele hajaota, akauliza gizani:
"Kwa hiyo tumshangilie nani?"
"Tulieni," akasema. "Inaendelea."

Kesho yake, kwenye matuta ya viazi,
kanga ya joho ilibaki imekunjwa juu ya jiwe.
Kila mtu alitaka kovu.
Tukachorana kwa mkaa, maadui watupu,
tukasimama tunatazamana
bila kujua nani aanze kumpiga nani,
mpaka ukungu ukashuka, tukaitwa kula.

Siku hizi nikikutana na Lusajo Mwanjelwa
ananipa mkono, uleule.
Naupokea. Namuuliza habari za watoto.
Kisha kuna mahali, katikati ya salamu,
anafungua kinywa kama anayetaka kusema kitu,
na picha inaruka.